Mwongozo kamili: siku za mwanzo za kukaa nyumbani ugonjwa ukiingia, kwa nyumba iliyojaa watu

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 ndo tulisikia mgonjwa wa kwanza wa corona kapatikana nchini, Mtanzania aliyetokea Ubelgiji akatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zifungwe siku 30, na jioni ileile hapa kwangu Makorora, Tanga, watoto watatu wamesimama mlangoni na mabegi yao wananiuliza mama, kesho hatuendi? Kufika Ijumaa tulikuwa watu nane ndani. Mimi, baba watoto, mama mkwe wangu ambaye nyumba nzima tunamwita bibi, watoto watatu, wifi yangu, na mtoto wa shemeji yangu wa form six aliyerudishwa kutoka bweni huko Lushoto. Hapo sijamhesabu mpangaji wa chumba cha mbele na mkewe, ambao tunatumia nao choo kimoja na bomba moja uani.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Mingi niliyoisoma kipindi kile ilisema mgonjwa apewe chumba chake na choo chake, sasa nyumba zetu hizi za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani, utampa nani choo chake? Alafu sisi hatukufungiwa ndani na serikali kama majirani zetu wa Kenya. Shangazi yetu aliyeko Mombasa aliwekewa kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na Aprili wakazuiwa hata kutoka nje ya kaunti. Huku kwetu soko liko wazi, msikiti uko wazi, kanisa liko wazi, daladala zinatembea kwa level siti, yani hakuna abiria wa kusimama, kwa hiyo kila nyumba ilibidi ijiwekee mipaka yake yenyewe, na hapo ndo pagumu kwelikweli kwa sababu hakuna askari wa kukurudisha ndani, ni nyinyi kwa nyinyi, na mnaoneana haya.

Hatua ya 1: kikao, jioni hiyohiyo

Kabla hujakimbilia kununua ndoo na malimao, kaeni. Wote, na watoto, na mpangaji muiteni. Sisi tulichelewa siku mbili na ndani ya siku hizo mbili kila mtu alishajitungia sheria zake, mmoja anafunga mlango, mwingine anafungua, mtoto anagombezwa kwa kosa ambalo hajaambiwa kama ni kosa. Ugomvi mwingi wa nyumbani wiki ile ya kwanza ulitokana na hilo tu.

Kwenye kikao mnaamua mambo manne. Nani anatoka kwenda sokoni na kazini. Mlango gani unatumika kuingilia. Nani anafuatilia taarifa na kuwaletea wengine. Na pesa iliyopo ni kiasi gani. Hilo la mwisho watu hulikwepa, mimi nasema litajeni waziwazi mbele ya watoto wakubwa, kwa sababu mtoto wa miaka 12 akijua ndani kuna laki mbili za kuwafikisha mwisho wa mwezi, haombi soda, na hakuoni mchoyo.

Kwetu mtokaji akawa baba watoto peke yake. Yeye ana biashara ya samaki pale Deep Sea, akikaa ndani hatuli, kwa hiyo hakukuwa na mjadala. Tukakubaliana kwamba kwa kuwa yeye anatoka, ya sokoni Mgandini na ya dukani pia atayamaliza yeye huko huko, sisi wengine tutulie. Mpangaji anaendesha bajaji, hatuwezi kumkataza, tukamwomba afuate utaratibu uleule wa kuingilia mlango wa uani. Alikubali bila neno kwa sababu tulimwita kikaoni kama mwenzetu.

Hatua ya 2: mzee wa nyumba, na hapa usiende haraka

Hapa naomba usome taratibu, maana ndo sehemu tuliyokosea zaidi.

Bibi alikuwa na miaka 74, ana presha. Tulishasikia wazee na wenye presha na kisukari ndo wanaozidiwa, tukaingiwa na hofu, tukawaambia watoto msimsogelee bibi. Basi. Hatukusema zaidi ya hapo. Sasa wanangu, yani wajukuu zake, wamezoea asubuhi kumwamkia shikamoo bibi, wanambusu mkono, naye anawawekea mkono kichwani na kuwaombea dua. Siku ya pili yule mdogo wangu wa miaka sita akasimama mbali kabisa, karibu na karo, akapiga kelele shikamoo bibi usije! Bibi hakuitikia. Mchana hakula, usiku hakula, alisema ameshiba. Nilienda kulala najua kabisa tumemuumiza.

Kosa lilikuwa kwamba tuliongea habari zake na yeye yupo palepale, lakini hatukuongea naye. Baba watoto akaenda kukaa naye peke yake baada ya sala ya Alfajiri, akamweleza ugonjwa unavyopita, kwa mate na pumzi na mikono, kwamba mtu anaweza kuwa nao bila kuonyesha dalili yoyote akaupeleka kwa mwenzake, alafu akamuuliza, mama wewe unaonaje, tufanyeje na hawa watoto? Alimuuliza kweli, hakuwa na jibu mfukoni. Bibi akakaa kimya, akaanza kuhadithia habari za kipindupindu zamani, jinsi walivyokuwa wanamwagiwa dawa na kuzuiwa kwenda kuzika, alafu akasema niitieni wajukuu zangu.

Yeye ndo aliyewapa sheria. Alisema kuanzia leo shikamoo ni ya mlangoni, mkono unaweka kifuani, na mimi dua nitawaombea kutoka hapa nilipokaa, inafika. Watoto walitii sheria ile miezi mitatu bila kukumbushwa, wakati yangu mimi hawakuitii hata siku moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mzee ukweli wote, kisha muombe yeye atamke utaratibu. Mchagulie mtu mmoja wa kumhudumia, ambaye haendi popote, kwetu alikuwa wifi. Mpe sehemu yenye hewa, sio chumba cha nyuma chenye giza, bibi tulimtandikia mkeka kwenye kibaraza cha uani chini ya mwarobaini, watoto wanakaa kama mita mbili hivi jioni anawatolea hadithi. Kikombe chake na sahani yake aviteue mwenyewe, kitu cha kuteua mwenyewe hakimuumi mtu. Dawa zake za presha muombe daktari ampe za miezi miwili kwa mpigo, ili asipange foleni kila mara. Na simu, mpigieni ndugu zake, ya picha kama bando lipo. Dada yake yuko Pangani, walikuwa wanaongea kila Ijumaa, na Ijumaa ikipita bila simu ile utamjua tu usoni.

Kutembea pia. Mzee akikaa tu mkekani miguu inavimba na viungo vinakaza, azunguke uani asubuhi na jioni.

Hatua ya 3: mlango mmoja na kibuyu chirizi

Mlango wa mbele tukaufunga, wote tukawa tunapita uani. Pale mlangoni weka kibuyu chirizi. Ndoo ya koki ni nzuri ila ile koki kila mtu anaishika kwa mkono mchafu, kibuyu chirizi unakikanyaga kwa mguu.

Chukua kidumu cha lita 5 kisafi. Pasha msumari moto, toboa tundu moja upande wa mbele, kama sentimita 10 chini ya mdomo. Chimbia miti miwili yenye panda juu, pitisha mti wa tatu kwenye mkono wa kidumu uulaze kwenye panda. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ishushe mpaka chini, ifunge kwenye kijiti cha kukanyagia, kiache kinaning'inia kidogo bila kugusa ardhi. Ukikanyaga kidumu kinainama, maji yanatiririka, ukiachia kinarudi. Sabuni ya kipande itoboe katikati uitundike kwa kamba pembeni. Chini mwaga kokoto, la sivyo baada ya siku mbili una tope na mbu. Watoto wangu walikijenga wenyewe na yule kaka yao wa form six, na kwa kuwa walikijenga walikuwa wananawa hata bila sababu.

Kunawa ni sabuni kwanza, sekunde 20 kwa uchache, na kati ya vidole na kucha na kidole gumba. Sabuni ya kawaida ya kufulia inatosha kabisa, hakuna haja ya kugombania vitakasa mikono dukani.

Baba watoto akirudi anavua viatu nje, ananawa, simu yake anaipangusa, nguo za sokoni zinaingia kwenye beseni la maji ya sabuni palepale, anaoga, ndo anasalimia. Dakika 15 hazifiki. Barakoa za kitambaa tulishona sisi wenyewe, khanga kuukuu tabaka mbili mpaka tatu, kila mtokaji awe nazo angalau tatu ili moja ikifuliwa nyingine ipo, na iliyolowa jasho haifai kuvaliwa tena mpaka ifuliwe na kuanikwa juani.

Choo cha pamoja na vitasa na lile bomba, pangusa kwa jiki mara moja au mbili kwa siku. Soma chupa, kama ni ile ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwenye lita 1 ya maji vinatosha. Changanya ya siku hiyohiyo tu, inapungua nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo au siki, inatoa hewa yenye sumu, na chooni kwetu hakuna dirisha kubwa. Zamu za choo tuligawana na mpangaji, wiki yao wiki yetu.

Hatua ya 4: chakula na pesa

Usilundike. Wiki mbili zinatosha, ukizidisha unampandishia bei jirani yako, na sisi wenyewe tuliona sukari na malimao na tangawizi vilivyopanda watu walipoanza kugombania.

Hesabu ni rahisi. Kwetu watu nane, ubwabwa wa mlo mmoja ni kilo moja na robo, sasa siku 14 ni kilo 17 na nusu. Mlo wa pili ni ugali, au muhogo, au magimbi. Mboga chagua zinazokaa bila friji: maharage, choroko, kunde, mbaazi, dagaa, ng'onda. Nazi zikiwa na makumbi yake zinakaa muda mrefu. Mchicha na matembele otesha uani kwenye ndoo zilizotoboka, wiki tatu unachuma. Machungwa ya Muheza yanatosha kuliko hivyo vidonge vya vitamini watu walivyokuwa wanauziana.

Pesa tuligawa bahasha tatu, chakula, dawa, na mtaji wa samaki. Ile ya mtaji tukaapa haiguswi, kwa sababu ukila mtaji ugonjwa ukiisha njaa ndo inaanza. Wateja wa mahoteli walikata oda zote mwezi wa nne, tukahamia kuuza kwa majirani kwa kupiga simu, samaki wanafikishwa mlangoni, malipo kwa simu. Kama una biashara ndogo fikiria mapema nani atanunua kama mnunuzi wako wa kawaida atafunga.

Na kodi, kama una mpangaji, ongea naye mapema, mwezi uleule wa mwanzo, usisubiri ashindwe. Sisi tulimpunguzia nusu kwa miezi miwili, abiria walikuwa hakuna.

Hatua ya 5: watoto

Wiki ya kwanza waache wacheze. Nasema kweli. Mimi nilianza na ratiba kali siku ya pili, ikafika Alhamisi tunalia wote. Wiki ya pili ndo uanze.

Tanga Machi kuna joto, mchana kichwa hakishiki kitu, kwa hiyo masomo ni asubuhi, saa mbili mpaka saa nne na nusu, mapumziko ya muhogo na chai, alafu saa moja nyingine ya kusoma kwa sauti. Basi, inatosha. Mchana kulala, alasiri kazi za nyumba na masomo ya chuo, yani madrasa. Ustadhi wao alisimamisha darasa kwa muda, akawa anawasikiliza juzuu kwa simu, mmoja mmoja, dakika kumi. Hiyo niliipenda sana.

Mwalimu wetu alikuwa yule kijana wa form six. Alikuja amenyong'onyea, mitihani imeahirishwa haijulikani lini, anashinda amelala. Siku zake 14 za mwanzo tulimlaza ukumbini dirisha wazi, kwa sababu katoka kwenye bweni la watu wengi, akawa anakula mwisho na anakaa mbali. Zilipoisha tukampa darasa. Mwanangu wa darasa la saba alifundishwa naye sehemu na desimali kwa kupima unga na kwa mizani ya samaki, na kijana mwenyewe akapata sababu ya kuamka. Kama una kijana mkubwa ndani mpe kazi ya mtu mzima, usimfanye mtoto wa kutumwa.

Kazi za nyumba zigawe sawa, wa kike na wa kiume. Niliona nyumba nyingi mtaani msichana anaosha, anapika, analea, kaka zake wako kwenye simu, shule zikifunguliwa ndo huyo aliyebaki nyuma. Mwanangu wa kiume alichota maji na kupika ubwabwa, na anaupika vizuri mpaka leo.

Na kuwa macho. Nyumba ikijaa watu kutwa kucha, mtoto anaweza kuumizwa na mtu anayemjua. Mtoto akibadilika ghafla, anaogopa chumba fulani, muulize kwa upole na umsikilize. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, bure.

Hatua ya 6: taarifa na simu

Mtu mmoja, mara mbili kwa siku. Kwetu ni mimi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku na asubuhi redioni. Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, ni mtu wa Tanga hapahapa kwetu, akitoa tamko bibi alikuwa anataka tunyamaze wote. Voisi za WhatsApp za mtu asiyejulikana hazipigwi mbele ya watoto, na hazitumwi mbele. Mwenye swali la ugonjwa apige 199 ya Wizara ya Afya.

Hatua ya 7: mtu akiumwa

Masika yanaanza kipindi hichohicho, mbu wamejaa. Kila homa watu walisema corona, wakajificha ndani kwa kuogopa kusemwa. Hatari sana. Mwanangu wa katikati alipata homa Aprili, tukampeleka kupima, ikawa malaria, angekaa siku tatu ndani tungekuwa tunaongea mengine. Homa inapimwa. Chandarua usikiache kwa sababu kuna ugonjwa mpya.

Akiwa na kikohozi na homa, mtenge kadiri nyumba inavyoruhusu: karibu na dirisha, mhudumu mmoja mwenye barakoa, vyombo vyake vya peke yake, anatumia choo mwisho kisha kinapanguswa. Maji mengi, uji, supu, paracetamol kwa kipimo chake. Akishindwa kupumua vizuri, kifua kikabana, midomo ikabadilika rangi au akaanza kuchanganyikiwa, hospitali muda huohuo, kwetu ni Bombo, na piga simu kwanza mseme mnakuja na mgonjwa wa namna gani.

Kuhusu nyungu. Sisi pia tulijifukiza, majani ya mchaichai na mpera na mkaratusi, na pua inafunguka, unajisikia vizuri. Ila haiui kirusi, na mtu aliyezidiwa asicheleweshwe hospitali kwa sababu anafukizwa. Watoto wadogo msiwaingize chini ya blanketi na sufuria ya moto, na mwenye pumu asifukizwe.

Hatua ya 8: kuvumiliana

Joto, watu nane, mvua inanyesha, lazima mtagombana. Mimi na wifi tuligombana kuhusu sufuria, siku mbili hatusemeshani, kumbe mwenzangu alikuwa na hofu ya mchumba wake aliyekwama Mombasa na hakumwambia mtu. Kwa hiyo kila mtu apewe saa yake moja kwa siku ya kutosemeshwa. Yangu ilikuwa baada ya Alasiri, nakaa nyuma ya jiko na kikombe changu cha kahawa, na watoto wakijua. Ya wifi ilikuwa usiku na simu yake. Baba watoto yake ilikuwa barazani, peke yake, sio na kundi la bao.

Mume na mke tafuteni pia muda wenu wa kuongea, hata kama ni kupeleka takataka pamoja jalalani, kwa sababu mambo ya pesa na ya mzazi hayaongelewi mbele ya mzazi.

Ramadhani ilitukuta hukohuko mwisho wa Aprili. Tarawehe tulisali nyumbani ukumbini, madirisha wazi, bibi nyuma kwenye kiti chake. Futari ya jirani hatukuiacha, sahani inafunikwa kawa, inawekwa barazani, unapiga hodi unarudi nyuma. Kaimati za bibi zilifika nyumba tano kwa njia hiyo.

Hatua ya 9: kufungua

Form six walirudi shule tarehe 1 Juni, wadogo tarehe 29 Juni. Wiki mbili kabla warudishe kulala saa za shule, kwa sababu watakuwa wameshazoea kukesha. Yunifomu na viatu vijaribuni mapema, watoto watakuwa wamerefuka, yule wa darasa la saba suruali ilimfika juu ya kifundo cha mguu na fundi cherehani alikuwa na foleni ya wiki nzima. Mzee wa nyumba muulizeni tena yeye kama mwanzo, lini shikamoo irudi ya mkononi. Bibi alisema wakishaanza kwenda shule ndo wasinisogelee zaidi, ngojeni, na tulingoja mpaka mwezi wa tisa, siku alipomwita yule mdogo mwenyewe akamwambia njoo, nawa kwanza.